Miaka 100 ya Alliance: Sifa Iliyojengwa Langoni

Machi mosi 2026 Shule ya Upili ya Alliance, iliyoko Kikuyu nje kidogo ya jiji la Nairobi, ilitimiza miaka 100 tangu kufunguliwa. Umri huo umeifikia katika mwaka usio wa kawaida, kwa kuwa ndio mwaka ambao wavulana wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia katika mabweni yake chini ya mtaala wa umilisi, huku wenzao wa Kidato cha Tatu na cha Nne wakimalizia mfumo wa 8-4-4 unaoondoka. Mwaka 2025 shule haikupokea Kidato cha Kwanza, kwa sababu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 na kundi la mwisho likaripoti Januari 2024. Mabadiliko haya yamewagawa Wakenya katika pande mbili. Wapo wanaoomboleza kwamba Alliance waliyoijua imezikwa pamoja na KCPE, na wapo wanaoshangilia kwamba hatimaye enzi ya shule chache zinazojiona bora kuliko nyingine imekwisha. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea jambo lilelile. Sifa ya Alliance haikuletwa na KCPE, mtihani ambao ulianza mwaka 1985 shule ikiwa tayari na umri wa miaka 59. Ililetwa na uhaba, yaani lango jembamba lililopitisha wachache na kuwaacha nje wengi wenye uwezo uleule. Mtaala mpya haujalifunga lango hilo wala kulibomoa. Umelihamisha, na linalopaswa kutushughulisha ni nani analilinda sasa, na kwa vigezo gani.

Alliance ilianzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti: Wapresbiteri wa Uskochi waliokuwa na kituo chao Thogoto, Waanglikana wa CMS, Wamethodisti, na Africa Inland Mission. Miaka miwili kabla ya hapo Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imezuru Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba elimu ya Mwafrika iegemee kilimo, ufundi na mahitaji ya kijijini, na mwalimu mkuu wa kwanza, G. A. Grieves, alianza kazi yake wakati fikra hizo zikiwa bado na nguvu. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya wasomi wengi weusi. Ilihitaji makarani, walimu na wasaidizi kadhaa wa kuendesha shughuli zake. Watoto wa walowezi walikuwa na shule zao, kama vile Prince of Wales iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo leo ni Nairobi School. Kwa Mwafrika aliyetamani masomo ya sekondari, nafasi zilihesabika kwa vidole: Alliance kwa Waprotestanti, Kabaa na baadaye Mang'u kwa Wakatoliki, na Maseno ilipopandishwa hadhi. Jina la Alliance lilizaliwa katika ufinyu huo. Unapowakuta katika orodha moja Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, pamoja na Oginga Odinga, Ronald Ngala, James Gichuru, Paul Ngei, Gikonyo Kiano, Jean-Marie Seroney na Charles Njonjo, ni rahisi kuamini kwamba katika madarasa yale kulikuwa na siri ya kumgeuza mtoto wa mfugaji au mkulima kuwa kiongozi wa taifa. Lakini kijana mwerevu wa Kiambu, Siaya au Kilifi katika miaka ya 1930 angekwenda kusomea wapi kwingine? Shule iliyokabidhiwa sehemu kubwa ya vipaji vya koloni zima haikuwa na namna ya kukosa kutoa mawaziri.

Kusema hivyo si kumdharau Edward Carey Francis, aliyeiongoza Alliance kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 na ambaye wazee waliopita mikononi mwake bado wanamtaja kwa sauti ya heshima iliyochanganyika na hofu. Alikuwa mwanahisabati wa Peterhouse, Cambridge, aliyeacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1928 akaja kuongoza shule ya Maseno. Alipofika Kikuyu alidai masomo yawe ya kiwango kilekile kilichotarajiwa kwa Mwingereza, na hilo peke yake lilikuwa jambo la ujasiri katika nchi ambayo wengi wa watawala wake walidhani Mwafrika hawezi kukifikia. Wakati wa Hali ya Hatari aliwapinga Mau Mau waziwazi, lakini pia alilalamika kwa wakubwa wa serikali kuhusu ukatili wa askari wao. Alikuwa mkali, mcha Mungu, mwenye kujinyima, na pia mtu wa ubaba wa kikoloni aliyeamini kwamba yeye ndiye anayejua Mwafrika anastahili kuwa nani na kwa kasi gani. Kwa hiyo ninakubali kwamba shule iliongeza kitu. Ninachokataa ni kuhesabu kila mafanikio ya waliopita pale kuwa ni kazi ya shule, bila kuhesabu kwanza jinsi walivyochujwa kabla ya kuingia.

Uchujaji huo haukuwa wa haki hata ulipoonekana kuwa wa haki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliingia Alliance mwaka 1955 akitokea Limuru, nyumbani kwao kukiwa kumevurugwa na Hali ya Hatari na kaka yake akiwa msituni. Aliwahi kueleza kisa cha mwanafunzi mwenzake wa mwaka 1954 aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote ya KAPE, mtihani uliofungua njia ya sekondari kwa Waafrika, isipokuwa Kiingereza, somo aliloanguka. Kwa kanuni ya wakati ule, kuanguka Kiingereza kulimaanisha kuanguka mtihani mzima, na kijana huyo akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, kwa maelezo yake, alikuwa na alama za wastani lakini Kiingereza chake kilikuwa kizuri, naye akapata nafasi Alliance. Kisa hiki kina uzito kuliko orodha yoyote ya mawaziri, kwa sababu kinatuonyesha lango likifanya kazi. Mtihani ulionekana kupima akili kumbe ulipima ukaribu wa mtoto na lugha ya mtawala, na aliyeachwa nje hakuwa na sifa ya kuandikwa popote. Miaka 70 baadaye sisi bado tunalitaja jina la aliyeingia na kumhesabu kuwa fahari ya shule. Yule mwingine, ambaye huenda angekuwa mhandisi, hatuna mahali pa kumhesabu.

Baada ya uhuru lango liliwekewa walinzi wapya. Alliance ikawa miongoni mwa shule 18 za kitaifa zilizochukua wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi kwa mgawo wa wilaya, utaratibu uliokuwa na busara yake, kwa maana mtoto wa Mandera hakulazimika kushindana ana kwa ana na mtoto wa Nairobi. Kadiri shule za msingi za kibinafsi zilivyoongezeka, wazazi wenye uwezo walijifunza kununua maandalizi ya KCPE, na malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali iliweka mgawo wa kuwapendelea watahiniwa wa shule za umma. Kuanzia mwaka huohuo ilianza pia kupandisha shule nyingine hadhi mpaka za kitaifa zikafika 103. Hesabu ilipanda, hadhi haikugawanyika. Kila mzazi aliendelea kujua zipi ni za kitaifa kwa jina na zipi ni za kitaifa kwa kweli, na Bush, kama wanavyoiita Alliance wanaoipenda, ilibaki katika kundi la pili.

Sasa niifikie hoja inayorudiwa mara nyingi zaidi na ambayo, nadhani, ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba ubora wa Alliance umethibitishwa na matokeo yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka baada ya mwaka, na kwamba mfumo wowote unaoyatikisa matokeo hayo unaiharibu elimu. Tuanze na matokeo yenyewe. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 nchini walipata gredi ya A. Mwaka 2016, udanganyifu ulipobanwa, waliipata 141. Anguko la namna hiyo linatosha kutufundisha kwamba gredi ya A si kipimo kisichobadilika, na kwamba sifa nyingi zilizojengwa juu yake katika shule mbalimbali zilikuwa na nyufa. Lakini tuseme matokeo ya Alliance yalikuwa safi kabisa. Bado hayathibitishi kinachodaiwa. Ukichukua watoto waliokuwa wa kwanza katika kila wilaya, ukawaweka pamoja na baada ya miaka minne wakawa bado ni wa kwanza, umethibitisha tu kwamba ulichagua vizuri. Mwaka 2014 wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti uliokabili swali hili kwa njia ya moja kwa moja: waliwalinganisha wanafunzi wa Kenya waliovuka kidogo tu alama ya kuingia shule ya kitaifa na wale waliopungukiwa kidogo tu wakaenda kwingine. Kama shule hizo ndizo zinazofanya miujiza, waliovuka wangepaswa kuwaacha wenzao mbali katika KCSE. Watafiti hao waliona ushahidi mdogo sana wa tofauti hiyo, ingawa shule za kitaifa zilikuwa na vifaa bora na wanafunzi wenza wenye alama za juu. Anayeitetea Alliance kwa hoja ya gredi anapaswa kulijibu jambo hilo, na sijamsikia aliyelijibu.

Utetezi ulio na nguvu zaidi hauhusu gredi hata kidogo. Unasema kwamba Alliance iliwalaza bweni moja vijana wa makabila ambayo siasa iliyatenganisha, ikawapa marafiki wa kudumu na mazoea ya kujiona wana deni kwa nchi nzima, na kwamba taifa lenye majeraha ya uchaguzi kama letu haliwezi kupuuza mahali pa namna hiyo. Hoja hii ninaiheshimu, na sioni jinsi shule ya kutwa ya kijiji kimoja inavyoweza kuziba pengo hilo. Lakini hata hapa tusifumbe macho. Mwaka 2017 maofisa wa elimu walichunguza malalamiko ya uonevu katika shule hiyohiyo, na ripoti yao ikaeleza jinsi viranja waliopewa mamlaka makubwa mno walivyowatesa wanafunzi wa vidato vya chini. Utaratibu wa viranja ulikuwa urithi wa moja kwa moja wa shule za bweni za Uingereza, na kwa miongo mingi ulisifiwa kuwa ndio kiwanda cha uongozi. Shule inayofundisha utumishi kwa maneno na kumfundisha mvulana wa miaka 17 kumtisha wa miaka 14 kwa vitendo inafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Kauli mbiu ya Alliance inazungumzia kuwa imara ili kutumikia. Sioni ubaya wowote wa kuipima shule kwa kauli yake yenyewe.

Upande wa pili wapo wanaosema dawa ni kuondoa kabisa shule teule. Kwa hawa ninatazama ng'ambo ya mpaka, Tabora. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920 ikiwa hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, na ikawa kwa Tanganyika kile ambacho Alliance ilikuwa kwa Kenya. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942, na Rashidi Kawawa pia alipitia hapo. Baada ya 1967, chini ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Tanzania ilijitahidi kwa dhati kuliko sisi kupunguza utengano huo, kwa kutaifisha shule za madhehebu na kuweka mgawo wa mikoa. Tabora haikufutwa, bado ni miongoni mwa shule za serikali za vipaji maalumu. Hata hivyo, nafasi za umma zilipobaki chache, wazazi walianza kujenga na kutafuta nyingine, na kwa miaka mingi safu za juu za matokeo zilijaa majina ya seminari na shule binafsi za kulipia, mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora Januari 2023. Sisi tulikuwa tumeacha kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014, na magazeti yakaendelea kujipangia yenyewe. Ninachokiona Tanzania si kushindwa kwa nia njema. Ninaona kwamba hamu ya wazazi haiondoki kwa agizo, na kwamba dola inapojitoa langoni bila kuongeza nafasi nzuri kwingineko, pesa ndizo zinazochukua kazi ya ulinzi.

Turudi basi kwenye mfumo wetu mpya, ambao ndio unaohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi. Zaidi ya watoto milioni 1.1 walifanya KJSEA, tathmini ya kumaliza Gredi ya 9, mwishoni mwa mwaka 2025. Alama zao hazikutokana na mtihani mmoja: asilimia 60 ilitoka katika KJSEA, asilimia 20 katika tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 katika tathmini zilizofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Kila mtoto alichagua mkondo mmoja kati ya mitatu, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Michezo, kisha akachagua michanganyiko ya masomo na shule 12. Shule zimewekwa katika makundi kuanzia C1 hadi C4, na zile kubwa za zamani, Alliance ikiwamo, ziko C1. Kwenye karatasi, hii ni hatua ya mbele, kwani haimhukumu mtoto kwa asubuhi chache za Novemba. Lakini chunguza kila kiungo chake. Tathmini ya shuleni inamfaa mtoto aliye na mwalimu wa somo hilo, na sote tunajua kwamba sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, zilipandikizwa ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara, na walimu wachache wakagawiwa masomo ambayo hawakusomea. Mtoto aliyesoma sayansi ubaoni tu kwa miaka mitatu anaambiwa achague mkondo wa sayansi dhidi ya mwenzake aliyeshika vyombo vya maabara kila juma. Uchaguzi wa shule 12 unahitaji mzazi anayejua shule zinafundisha nini, mwenye intaneti, na mwenye mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo taarifa zenyewe zimekuwa sehemu ya lango, jambo ambalo halikuwa na uzito kama huu zamani, na mtoto wa mwalimu wa Nairobi ana taarifa ambazo mtoto wa mvuvi wa Lamu hana.

Kisha kuna karo. Kiwango rasmi cha bweni katika shule za hadhi hii ni shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla ya sare, godoro, nauli na orodha ndefu ya vifaa. Nimehudhuria harambee za kuwapeleka wavulana shule za kitaifa ambazo fedha zilizokusanywa zilitosha muhula wa kwanza tu, na kila mmoja pale alijua hivyo alipokuwa akipiga makofi. Mtoto aliyechaguliwa na kompyuta kwa haki kabisa kisha akabaki nyumbani kwa kukosa karo amefungiwa nje na lango lilelile, ila safari hii hakuna mtihani wa kulaumiwa, na kwenye takwimu ataonekana kuwa ni mwanafunzi ambaye hakuripoti. Wanaoshangilia kifo cha shule teule wangepaswa kuangalia ni nani hasa waliojaza vitanda vya C1 mwezi Februari, si nani walioandikiwa barua za mwaliko mwezi Desemba.

Linalofuata kutokana na haya yote ni kwamba Wizara ya Elimu inadaiwa hesabu ya aina nyingine. Kwa kila shule ya C1, ichapishe wanafunzi walioripoti wanatoka kaunti zipi, wangapi walisoma shule za umma na wangapi za binafsi, wangapi wanalipiwa na basari, na wangapi walioalikwa hawakufika. Taarifa hizo wizara inapaswa kuwa nazo. Nafasi za shule hizi zikiwa haba namna hii, kuziendesha kwa siri ni kuwakosea wanaolipa kodi, na ukweli huo unazihusu Mang'u, Maseno na Alliance Girls', iliyofunguliwa mwaka 1948, kama unavyoihusu Alliance. Pia tuangalie mfano ulio karibu: Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, ilichagua wanafunzi kwa kuangalia uwezo wa mtoto na umaskini wa nyumbani kwao kwa pamoja, ikapata jina kubwa bila kuuziba mlango wa mnyonge. Hakuna sheria ya maumbile inayoizuia Alliance kutenga sehemu ya nafasi zake kwa utaratibu wa namna hiyo, na wahitimu wake, ambao wamejaa katika mabenki, mahakama na serikali, wana uwezo wa kuanzisha mfuko wa kulipia kila kitanda kilichotengwa.

Lakini kazi kubwa haiko Kikuyu. Carey Francis alipostaafu mwaka 1962 hakurudi Cambridge. Alikwenda kufundisha kama mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya Pumwani, miongoni mwa vijana wa mitaa ya maskini ya Nairobi, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1966. Ni vigumu kujua alichowaza, ila kitendo chenyewe kinaelekeza mahali ambapo mwalimu mzuri anahitajika zaidi. Idadi kubwa ya watoto wa Gredi ya 10 wameingia shule za kutwa za C4, ambako serikali huahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka na mara nyingi hutuma pungufu na kwa kuchelewa. Watahiniwa wa kwanza wa Gredi ya 12 watamaliza mwishoni mwa mwaka 2028. Kabla ya hapo kuna bajeti ambazo Bunge linaweza kuzitumia kuzipa shule hizo walimu wa sayansi na maabara, na fedha za miaka hiyo ndizo zitakazoamua iwapo mvulana wa Lodwar aliyekosa Alliance kwa alama mbili atakuwa amekosa bweni lenye historia ndefu, au atakuwa amekosa elimu.